Mwanaidi, chupa za pilipili zisiingie kwenye tranka

Tanga,
Desemba

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku Tanga. Sisi hatujambo, mama mguu unampa nafuu, na anakusalimu sana. Nimefurahi mno kusikia Salma amepangiwa shule ya bweni. Mpe hongera zangu, na wewe pia zako, maana najua ni nani aliyekesha naye akifanya hesabu.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu haya nataka uyasome taratibu, na ukiona inafaa umpe matroni wa shule naye ayasome. Kati ya vitu unavyomwandalia Salma umenitajia chupa mbili za pilipili ya mafuta: kitunguu saumu na pilipili mbuzi vimesagwa, vikapitishwa motoni, vikamiminiwa mafuta ya alizeti mpaka juu, kifuniko kikakazwa, zimfikishe likizo. Mama Salma, nakuomba usimpe.

Mwezi Oktoba 2008, katika shule moja ya bweni nchini Uganda, wanafunzi watatu waliugua ugonjwa wa kupooza unaoitwa botulizimu. Wote walilazwa hospitali, mmoja akafariki. Maabara ilithibitisha kwenye sampuli za wagonjwa sumu ya botulizimu aina ya A. Wachunguzi waliwahoji wanafunzi juu ya vyakula walivyokula, na katika hesabu zao hakuna chakula kilichojitokeza waziwazi kuwa ndicho. Lakini kuna kitu ambacho wagonjwa wote watatu walikuwa wamekila: kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani, cha kutilia ladha kwenye chakula cha shule. Hicho ndicho kilichoonekana kuwa chanzo. Ulikuwa mlipuko wa kwanza wa botulizimu ya chakula kuthibitishwa Uganda, na waliouchunguza walionya kwamba viungo vya aina hiyo vimeenea katika shule nyingi za nchi hiyo. Na kwetu je? Wewe na mimi makande ya bweni yalikuwa yanashuka kwa msaada wa nini, kama si chupa za mama zetu?

Najua utaniambia kwamba sisi tulikula na hatukudhurika. Ni kweli. Botulizimu ni ugonjwa wa nadra, na chupa nyingi za pilipili ya mafuta hazina sumu yoyote. Tatizo ni kwamba ile moja yenye sumu huwezi kuitofautisha na nyingine kwa macho, na si lazima inuke wala ibadilike ladha. Kijiko kimoja kinatosha kumlaza mtu.

Ngoja nikueleze inavyokuwa, kwa sababu ukielewa hapa hutahitaji mtu wa kukukataza. Bakteria mwenyewe anaitwa Clostridium botulinum, na makazi yake ni udongoni. Akikosa mazingira mazuri anajifungia ndani ya ganda gumu, tunaita spora, na katika hali hiyo anaweza kukaa muda mrefu sana. Kitunguu saumu kinatoka ardhini, kwa hiyo spora zinaweza kuja nacho, hata ukikiosha vizuri. Kuzila spora zenyewe kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hakuna neno, tunazila mara nyingi bila kujua. Hatari inaanza zinapoamka na kuanza kutengeneza sumu ndani ya chakula. Ili ziamke zinataka pasiwe na hewa, pasiwe na ukali wa kutosha wa siki au ndimu, pawe na unyevu, na pawe na joto la kawaida la chumba. Sasa itazame chupa yako. Mafuta yamefukuza hewa. Kitunguu saumu hakina uchachu wa maana. Unyevu umo ndani ya kila kipande. Na tranka ya Salma chini ya kitanda bwenini haina friji.

Umesema unavikaanga kwanza. Hapo ndipo wengi wetu tunapodanganyika. Spora hizi hazifi kwa maji yanayochemka, hata ukichemsha kwa saa kadhaa. Viwandani wanaziua kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121. Utasema mafuta yanapata moto kuliko maji, na ni kweli, lakini kipande cha kitunguu ambacho bado kina maji ndani yake hakipandi sana juu ya joto la maji yanayochemka mpaka maji hayo yakauke yote. Kwa hiyo kukaanga kidogo kunaua bakteria wa kawaida ambao wangeshindania chakula hicho, na kuziacha spora peke yao, zimefunikwa mafuta, zikisubiri.

Wala si Uganda tu. Mwaka 1980 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilichapisha taarifa ya botulizimu nchini Kenya baada ya watu kula kumbikumbi, na mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imeandikwa taarifa nyingine kuhusu wafugaji wahamaji wa huko huko Kenya. Kwa Afrika ugonjwa huu unaripotiwa mara chache. Mimi naamini mara nyingine unapita mbele yetu bila kutambuliwa, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi kama muuguzi.

Maana dalili zake zinapotosha. Kwa kawaida zinaanza kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, ingawa zinaweza kuanza mapema zaidi au zikachelewa siku kadhaa, mtu akiwa ameshasahau alichokula. Wengine wanaanza na kichefuchefu, kutapika na tumbo kuuma, kisha choo kinakuwa kigumu. Halafu ugonjwa unaingia machoni. Kope zinalegea na kushuka, mtu anaona ukungu au anaona vitu viwiliviwili. Mdomo unakauka. Sauti inabadilika, maneno yanaburuzika, kumeza kunakuwa taabu. Kutoka hapo udhaifu unateremka, pande zote mbili za mwili kwa pamoja: shingo, mabega, mikono, misuli ya kifua inayovuta pumzi, miguu. Sumu inakaa mahali neva inapokutana na msuli na kuizuia neva isitoe kemikali ya kuuamrisha msuli ujikunje. Msuli ni mzima, ila haupati amri.

Na wakati wote huo, Mwanaidi, akili yake ni timamu. Homa hana. Ukimgusa anahisi. Anakusikia kila unalosema ila hawezi kufumbua macho akutazame wala kukujibu vizuri. Fikiria hali hiyo impate binti wa kidato cha kwanza katika bweni la wasichana. Kipimo cha malaria kimesoma hasi, joto la mwili ni la kawaida, na yeye amelegea, kope zimeshuka, anaongea kwa puani. Unajua watakachosema. Watasema anajidekeza, au ni mapepo, na ataitiwa wa kumwombea kabla ya kuitiwa gari.

Usidhani hilo ni la kwetu tu. Mwaka 1985 watu 36 waliugua botulizimu baada ya kula katika mgahawa mmoja wa Vancouver, Kanada. Chanzo kilikuwa kitunguu saumu kilichokatwakatwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta ya soya, chupa imekaa nje ya friji. Kilikuwa bidhaa ya dukani, si cha mtu kutengeneza jikoni kwake. Wateja walikuwa wameshatawanyika, wengine wamerudi Marekani na Uholanzi, na kila mmoja alionwa na daktari wake peke yake. Kuna walioambiwa wana kiharusi, kuna walioambiwa tatizo lao ni la akili. Zilipita wiki sita hivi mpaka mama mmoja na binti zake wawili, waliokuwa wamerudi Montreal, walipotambuliwa, na kupitia kwao mlipuko mzima ukajulikana. Walionekana pamoja, wa nyumba moja, wenye dalili zilezile. Ndiyo maana nasema, wanafunzi wawili waliokula chupa moja wakiwa na kope zilizolegea si jambo la kusubiri mpaka asubuhi.

Kwa hiyo mwambie Salma, na matroni ajue: macho yakishuka, kuona viwiliviwili, sauti kubadilika na kumeza kwa shida bila homa, mtoto apelekwe hospitali kubwa, yenye mashine ya kupumulia, usiku huohuo. Chupa isitupwe, ifungwe vizuri ipelekwe pamoja naye, na wote waliochovya humo watafutwe hata kama wanajiona wazima. Wamwambie daktari bila kuona haya kwamba wanahofia botulizimu. Madaktari watahitaji kuitofautisha na kuumwa na nyoka, na sumu ya dawa za kilimo (ile humfanya mtu atokwe mate mengi, hii humkausha mdomo), na ule ugonjwa wa neva ambao mara nyingi huanzia miguuni na kupanda. Ipo dawa, antitoksini, inayoikamata sumu ambayo bado inazunguka kwenye damu. Haiwezi kung'oa ile iliyokwisha kushika neva, ndiyo maana kila saa ina thamani. Kilichobaki ni kumsaidia kupumua na kumlisha mpaka neva zipone zenyewe, jambo linaloweza kuchukua wiki au miezi. Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huu unaweza kuua wagonjwa 5 hadi 10 katika kila 100. Wengine wanapona, wakifikishwa mapema.

Sasa, Salma ale nini na ugali wake? Mpe pilipili kavu iliyosagwa na chumvi, hata kitunguu saumu ukikikausha kikavunjika kabisa ndipo ukisage, kisha uweke kwenye kopo kavu. Bila unyevu bakteria huyu hafanyi kitu. Au mpe achari ya siki, iwe kali kwelikweli, pilipili na vitunguu vikiogelea ndani ya siki yenyewe, si kijiko kimoja cha kubahatisha juu ya mafuta. Ile pilipili yako ya mafuta, ambayo naipenda mno, itengenezeni kidogo akija likizo, ikae kwenye friji na iishe ndani ya siku tatu nne. Na kama zile chupa mbili umeshazijaza na zimekaa kabatini, usimwage kwenye sahani ya mtu yeyote kwa kuonea huruma mafuta. Usizionje pia.

Nimeongea na dada anayekuja Morogoro wiki ijayo, atakuletea mfuko wa pilipili kavu niliyoanika mwenyewe. Msalimie baba Salma na watoto wote. Nijibu ukiipata barua hii.

Ni mimi shoga yako,
Zuhura

Nimekumbuka jambo. Kwenye picha uliyonitumia nimeona mtoto wa mdogo wako anarambishwa asali. Asipewe mpaka atimize mwaka mmoja, hata tone. Spora hizihizi zinaweza kuwemo kwenye asali, na utumbo wa mtoto mchanga bado hauna uwezo wa kuzizuia zisiamke humohumo tumboni. Mwambie leo, usingoje mwishoni mwa wiki.