Kobalti ipo, lakini iko katika jiwe gani?

Bwana Mhariri,

Gazeti lenu linapowahimiza vijana wa Lubumbashi kusomea metali, mashine ya difraksioni ya miale ya X hutajwa kana kwamba ni mizani ya kupimia kiasi cha shaba na kobalti. Sivyo. Hiyo ni kazi ya mashine nyingine, ile ya fluoresensi, ambayo wanunuzi wa mawe hutembea nayo mkononi. Difraksioni hurusha miale kwenye unga wa jiwe na kuchora grafu ya pembe inakorudi kwa nguvu, na hujibu swali lingine: hiyo shaba imefungwa katika jiwe la aina gani?

Kwa viwanda vya Katanga, swali hilo ndilo lenye pesa. Chukua mizigo miwili ya mawe, kila mmoja una shaba 3%. Kama ni malakiti, jiwe la kijani, itayeyuka katika asidi ya sulfuriki bila kuwashiwa moto. Kama ni kalkopiriti, jiwe la shaba, chuma na salfa, itakaa humo siku na siku na kutoa kidogo sana. Heterogeniti, lile jiwe jeusi la kobalti, huigomea asidi mpaka iongezewe metabisulfiti au gesi ya SO2. Halafu kuna dolomiti, jiwe la jamii ya chokaa: tani 1 yake humeza asidi inayozidi tani 1 kidogo, na shaba haina.

Kanuni yenyewe ni fupi, nλ = 2d sin θ: λ ni urefu wa wimbi la mwali, d ni umbali kati ya tabaka za atomi katika fuwele, θ ni pembe ya mwali, n ni namba kamili. Pembe hizo huonekana kwenye grafu kama vilele, na kila jiwe lina vyake. William Lawrence Bragg aliipata mwaka 1912 akiwa na miaka 22, na 1915 yeye na baba yake wakapewa Tuzo ya Nobel. Mwanafunzi huielewa kwa mchana mmoja. Kinachomchukua miaka ni mambo mengine, na la kwanza ni bomba la miale.

Mashine nyingi zina bomba lenye anodi (metali inayotoa miale) ya shaba, ambalo mwali wake una urefu wa wimbi wa nanomita 0.15406 na nishati ya keV 8.05 (keV ni kipimo cha nishati ya mwali). Kobalti huanza kuwaka, yaani kutoa miale yake yenyewe, ikipigwa na keV 7.71, chuma kwa 7.11. Kwa hiyo ukiweka heterogeniti au udongo mwekundu wa kwetu, sampuli nzima inang'aa, mstari wa chini wa grafu unapanda, na vilele vidogo vinazama. Heterogeniti nyingi ina fuwele ndogo mno, vilele vyake ni vipana na vifupi tangu mwanzo, basi hasara ni mara mbili. Kichujio cha nikeli hakisaidii hapa, maana kimewekwa kukata Kβ tu, mwali wa pili wa bomba. Weka monokromata ya grafiti, fuwele inayopitisha urefu mmoja tu wa wimbi, kati ya sampuli na kipokezi, au tumia bomba la anodi ya kobalti (nanomita 0.1789), ambalo haliwashi chuma wala kobalti.

La pili ni unga. Sagia katika kinu cha akiki pamoja na alkoholi mpaka punje zishuke chini ya mikromita 10. Ungo wa mikromita 63 hautoshi kwa hesabu za kiasi. Kusaga kwa nguvu bila alkoholi huvunja fuwele zenyewe. Usikandamize unga kwa kioo ukitelezesha, kwani mika na talki hulala upande mmoja na kilele kimoja kinajitwalia urefu wote. Unga ukizidi ukingo wa kishikio cha sampuli kwa milimita 0.1 tu, katika mashine yenye nusu kipenyo cha milimita 200, vilele vya mwanzo vinahamia mbele kwa karibu nyuzi 0.06. Kwa hiyo pima silikoni kwanza: kwa anodi ya shaba, kilele chake cha kwanza kiwe nyuzi 28.44.

Kupima toka nyuzi 5 hadi 70 kwa hatua ya 0.02, sekunde 1 kila hatua, ni dakika 54. Kwa umeme wa hapa hizo ni nyingi. Bomba la kV 40 na mA 40 hula wati 1,600, karibu zote zikawa joto, kwa hiyo swichi inayozima bomba maji ya kupoza yanaposimama isifungwe waya wa kuidanganya, hata siku ya haraka.

La tatu ni kompyuta. Programu italinganisha vilele na hazina yake na kukutajia jiwe lenye arseniki wakati sampuli haina arseniki hata chembe. Ndiyo maana fluoresensi hutangulia: elementi zisizokuwemo zinafutwa kwanza. Na jiwe lililo chini ya 1 au 2% kwa kawaida halionekani kabisa, hivyo “haikuonekana” si sawa na “haimo”.

Anayelipia kipimo asikubali jedwali la majina peke yake. Adai faili la namba, aina ya anodi iliyotumika, na matokeo ya fluoresensi ya unga uleule. Bila hivyo mtu mwingine hawezi kuukagua uamuzi huo.

Msomaji wenu,
Lubumbashi