Lori la kukibeba kifaru liko wapi?

Ndugu Mhariri,

Serikali yoyote inapotangaza kununua kifaru kipya cha kivita, tunapewa idadi, bei, na picha ya waziri aliyechomoza kichwa kwenye mlango wa juu. (Kwa nini wote huipenda picha hiyo, sijui.) Kisha ubishi huanza: hawa wanasema droni zimeshakimaliza kifaru, wale wanasema jeshi lisilo na kifaru si jeshi. Mimi nimetengeneza mitambo mizito maisha yangu yote, na swali langu ni la gereji. Atakitunza nani, kwa fedha zipi?

Vifaru vya leo kama Leopard 2 ya Ujerumani na Abrams ya Marekani vina uzito unaozidi tani 60 na injini za nguvu ya farasi 1,500. Ya Abrams ni ya tabaini, jamaa ya injini ya helikopta, nayo hunywa mafuta hata kifaru kikiwa kimesimama. Kukipeleka safari ndefu kwa minyororo yake ni kukichakaza, kwa hiyo linatakiwa lori maalumu la kukibeba. Linatakiwa gari la kukivuta kikikwama, na daraja la kijeshi pale ambapo la kawaida halikihimili. Bado mafundi, vipuri na risasi za mazoezi. Yasipokuwamo kwenye mkataba, hayo yote yatakuja kwa bajeti ya nyongeza, au hayatakuja kabisa.

Uhispania iliumbuka hadharani. Mwaka 2022 lilipozuka suala la kuipa Ukraine vifaru vya Leopard 2A4 vilivyokuwa vimehifadhiwa Zaragoza, waziri wake wa ulinzi alikiri kwamba vilikuwa katika hali mbaya mno. Kwenye vitabu vya jeshi vilihesabika, vitani visingekwenda. Vilivyopelekwa mwaka uliofuata ilibidi kwanza vifanyiwe matengenezo.

Uingereza nayo iliagiza magari 589 ya Ajax mwaka 2014, katika mpango wa pauni bilioni 5.5. Ajax si kifaru hasa, ni gari la deraya la upelelezi, lakini ununuzi wake ni wa aina hiyohiyo. Hadi Desemba 2021 zilikuwa zimelipwa pauni bilioni 3.2 na yamepokewa magari 26. Majaribio yalikuwa yamesimamishwa kwa sababu kelele na mtetemo viliwadhuru askari waliokaa ndani. Unalipaje mabilioni kabla hujamkalisha mtu humo kutwa nzima ukamuuliza masikio yanasemaje?

Najua nitajibiwa: hizo ni siri za jeshi. Lakini Norwei ilishindanisha Leopard 2 na kifaru cha K2 cha Korea Kusini kwenye theluji yake yenyewe, mwaka 2022. Mkuu wake wa majeshi akashauri fedha zielekezwe kwingine, na wananchi wakaujua ushauri huo. Serikali ikashika njia yake, na Februari 2023 ikatangaza kununua vifaru 54 vya Leopard 2. Uamuzi huo unaweza kuupinga, lakini unajua unapinga nini. Unene wa deraya ni siri, sawa. Bei ya vipuri vya miaka 30 ni siri ya nani?

Haraka nayo ina wenyewe. Polandi, yenye vita mlangoni, ilisaini mkataba wa vifaru 180 vya K2 mwezi Agosti 2022 na vya kwanza vikatua Desemba mwaka huohuo. Naielewa. Asiye na vita mlangoni ana muda wa kukijaribu kifaru kwenye udongo wake na joto lake, kumlipa muuzaji kwa kadiri kinavyofaulu, na kuliwekea bunge mezani gharama yote, tangu siku ya kukipokea hadi ya kukikata chuma chakavu.

Kwa hiyo, Mhariri, mtakapomtuma mwandishi kwenye sherehe ya mapokezi, asubiri waziri apigwe picha yake. Kisha aulize lori la kukibeba liko wapi, na gereji ina mafundi wangapi.

Fundi mstaafu wa mitambo