Dedilifti ya Jumamosi: kupasha mwili
Wadau, habari za jioni. Jumamosi tunapiga dedilifti, yaani kunyanyua chuma kizito kutoka sakafuni hadi usimame wima; fikeni mapema. Anayerukia chuma mwili ukiwa baridi ndiye anayelalamikia kiuno Jumapili.

Anza na kuruka kamba au baiskeli dakika 5, jasho lichomoze. Kisha chuchumaa bila uzito mara 10, na kuinama kwa kusukuma makalio nyuma mara 10. Msikae mkinyoosha misuli ya nyuma ya paja muda mrefu; nguvu hupungua.

Kama lengo ni kilo 140: piga 60 mara 5, 90 mara 3, 110 mara 2, 125 mara 1. Marudio yapungue uzito unavyopanda, usichoke kabla ya kazi. Pumzika dakika 3 hadi 5, ndipo 140.

Kosa kubwa ni kuvuta chuma kwa ghafla. Kiwe juu ya katikati ya wayo. Jaza pumzi tumboni, kaza, mikono inyooke kwanza, halafu sukuma sakafu kwa miguu. Chuma kikiachana na miguu, mgongo unapinda.

Simu zibaki kwenye begi (hata ya muziki, jamani). Mtu akishashika chuma, asisemeshwe.