Maandishi chini ya rangi

Mpwapwa, Jumanne usiku

Tabitha mwenzangu,

Mbukwa! Hamjambo huko Nkuhungu? Mama anaendeleaje na magoti? Sisi wazima, isipokuwa simu yangu. Jumamosi ilitumbukia kwenye ndoo ya chokaa ikafa papo hapo, ndiyo maana unapata karatasi kwa mkono wa kondakta kama enzi zetu za bweni. Najua nimekaa kimya miezi. Utanisuta tukionana.

Nimeandika kwa sababu ya jengo la Hajati, hili ninaloshonea. Kampuni moja ya simu imempa rangi za bure ili ukuta wa mbele uwe tangazo lao, akaleta fundi kukwangua rangi ya zamani. Nilikuwa napiga upindo sare za kwaya, nasikia, "Dada, huku kuna mtu kaandika." Nilitoka na pini mdomoni. Chini ya kijani palikuwa na DUKA LA USHI, na iliyobaki ilishaliwa na brashi ya waya. Chini yake tena, plasta ilipobanduka karibu na nguzo ya baraza, kuna herufi nyekundu za Kigujarati, zile zisizo na mstari juu, zimejikunja kama mikia ya mijusi. Na juu kabisa, karibu na bati, mwaka: 19, halafu tarakimu mbili zimebomoka. Nikapiga picha. Dakika tano baadaye, ndoo.

Tangu hapo barazani hapakaliki. Baba Yona kashika lake: nyumba ya Mhindi, ikataifishwa 1971. Kwake kila nyumba kuukuu mjini hapa ilitaifishwa 1971. Nikamwambia, mzee wangu, sheria ile ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na kuendelea, na laki ya siku zile si hii tunayolipia fremu. Hili la mawe na udongo, milango miwili na stoo, lingefika? Halafu yaliyotwaliwa yalikuwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaenda Shirika la Nyumba la Taifa. Mbona sisi kodi tunampelekea Hajati jikoni kwake? Akakohoa, akaagiza kahawa nyingine.

Mimi nasema ni Operesheni Maduka, 1976, ilipoamriwa maduka ya watu binafsi yafungwe, ya ushirika yashike nafasi. Maandishi si yanasema yenyewe? Mwenye duka akaachiwa kuta, hana cha kuuza, akaliachia jengo kwa bei ya kutupa. Aliyetwaliwa nyumba iliyozidi miaka 10 hakupata fidia, lakini angalau alikuwa na sheria ya kuilaumu. Huyu wetu alimlaumu nani?

Na kwanza alifuata nini huku? Reli ilianza Dar 1905, ikafika Kigoma 1914, na ilipofika kwetu ikapita Gulwe ikatuacha na vumbi letu. Labda alikuja na karanga za Kongwa, ule mpango wa Waingereza wa mashamba ya karanga wa 1947, ulipokufa 1951 akaona bora abaki. Baba Yona anaapa hii mihimili ya chuma juu ya cherehani yangu ilitoka kwenye karanga. Kwa hilo tu namwamini, maana mtu wa hapa hawezi kununua chuma kinene hivi kwa hela yake.

Ndipo nikamkumbuka Mama. Si ndiye aliyekuwa akiuza pale enzi za foleni? Wewe ndiye uliyenisimulia alivyopima sukari kilo moja kwa kaya, balozi wa nyumba kumi kasimama pembeni na daftari, na mwaka 1983, wa msako wa wahujumu uchumi walioficha bidhaa, jirani yenu alivyotumbukiza mche mzima wa sabuni chooni asikutwe nao, kisha akalia usiku kucha.

Fundi anarudi Jumatatu. Nimemwomba Hajati akiache kile kipande cha nguzoni. Kasema atafikiria nikishalipa miezi miwili ninayodaiwa. Hapo sasa.

Nakuomba, mkalie Mama siku akiwa na nafasi, siyo magoti yakimuuma. Alipoingia pale kazini, herufi nyekundu zilikuwa bado zinaonekana au zilishapakwa? Ufunguo alipewa na nani? Mhindi mwenyewe alimkuta? Aliitwaje? Komeo la stoo liko upande wa ndani, walikuwa wanamficha nani? Na ile picha ya Mama amesimama mlangoni na gauni la maua, bado ipo au panya walishaila? Kama ipo, tazama juu ya kichwa chake, pale penye mwaka, unisomee. Na wewe mwenyewe unakuja lini?

Mpe kondakta huyuhuyu jibu. Alhamisi nitamsubiri stendi.

Wako,
Eliza