Wanaokwenda kufundisha Kiswahili Marekani waandaliwe mapema

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wanaojiandaa kwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani, pamoja na wanaowaandaa. Tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, tarehe hiyo ikikaribia tunasikia hotuba za kubidhaisha Kiswahili, kana kwamba aliyezaliwa Tanga au Lamu amebakiza pasipoti tu. Kupata viza, kwa shida zake zote, si mwisho wa kazi.

Wengi hupitia mpango wa Fulbright wa serikali ya Marekani, wa wasaidizi wa kufundisha lugha: miezi tisa, malipo ni posho ya kujikimu na si mshahara wa kujenga nyumba, ufundishaji hauzidi saa 20 kwa wiki, na msaidizi naye anasoma masomo yake kila muhula. Wapo pia wanaojitolea bila malipo. Anayekwenda kwa Fulbright, kwa viza ya J-1, yaani ya mabadilishano, ajue kabla ya kusaini kwamba akimaliza anatakiwa kukaa nchini kwake jumla ya miaka miwili ndipo aweze kuomba ukazi wa kudumu wa Marekani au viza ya kazi ya kundi la H, isipokuwa apewe msamaha maalumu.

Darasani, kinachowatoa jasho wengi ni ngeli. Mwalimu wetu amelelewa na A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, yaani upatanisho. Akifika anakuta kitabu kinachopanga nomino kwa namba: mtu na watu ni 1/2, mti na miti ni 3/4, kitu na vitu ni 7/8. Kitabu kingine kinasema M-WA, M-MI, JI-MA. Kifaru, ambaye kwetu yuko A-WA bila mjadala, kule anawekwa 7/8 kwa sababu ya kiambishi chake, kisha chini kuna maelezo kwamba viumbe hai hufuata upatanisho wa 1/2. Mifumo yote ina mantiki, ila mwalimu akianza kubishana na kitabu mbele ya wanafunzi, wanaopotea ni wao. Atengeneze jedwali la ukurasa mmoja la kulinganisha ngeli zetu na namba hizo angali nyumbani, alikariri, na darasani afuate kitabu cha chuo. Na jedwali zima asiligawe wiki ya kwanza! Aanze na watu, kwa kuwa salamu na utambulisho vinawahitaji, kisha aende KI-VI, kwa sababu kiti, kitabu, kisu na kikombe vinashikika: kiti hiki kimevunjika, viti hivi vimevunjika. Ngeli ya I-ZI, ambayo nomino zake nyingi hazibadiliki umbo, isubiri.

Matamshi yana tiba zake. Mzungumzaji wa Kiingereza huchomeka irabu kabla au baada ya m, mbwa akawa "umbwa" na mtoto akawa "mutoto". Mwambie afunge midomo, avumishe m kwa muda wa silabi moja kamili, ndipo aachie. Kwa ng' mwambie atamke neno lao singer, si finger, kisha aondoe silabi ya mbele. Sauti iliyobaki ndiyo ya ng'ombe, na ile ya finger ndiyo ya ngoma. Dakika tano zinatosha. Kumrudisha mwanafunzi kwenye neno lile lile mara kumi mbele ya wenzake kunamfunga mdomo hadi mwisho wa muhula.

Maswali yetu ya mazoezi nayo yana mtego. Umeolewa? Una watoto wangapi? Una umri gani? Dini yako ni ipi? Hapa kwetu ni heshima kumuuliza mgeni habari za nyumbani kwake, kule ni kuingilia faragha. Msamiati huo lakini lazima ufundishwe. Njia rahisi ni kadi: mmoja ni Bakari, fundi baiskeli wa Ujiji, ana mke na watoto watatu. Mwingine ni Bi. Mwanaidi wa Pemba, mjane, anauza karafuu. Wanaulizana kwa majina hayo na hakuna anayejeruhiwa. Kusoma alama hadharani, wa kwanza hadi wa mwisho, asithubutu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za mwanafunzi, hata mzazi wa mwanafunzi wa chuo kwa kawaida haonyeshwi bila ridhaa ya mwanafunzi mwenyewe.

Miadi iandikwe, isisemwe tu. Ukimwambia anayeanza kujifunza "njoo saa nane", atagonga mlango wa ofisi asubuhi, saa mbili yetu. Tarehe nazo wao hutanguliza mwezi, kwa hiyo 3/4 ni Machi 4. Andika jina la mwezi.

Kuhusu afya, vyuo vingi hudai kipimo cha kifua kikuu kwa wanaotoka nchi zetu. Aliyechanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni, mwenye lile kovu la begani, anaweza kuvimba kwa kipimo cha sindano ya ngozi ilhali hana maambukizi, kisha zikaanza safari za picha ya kifua na maswali ya dawa. Aombe kipimo cha damu, ambacho chanjo hiyo haikiathiri. Meno na miwani ashughulikie hapa hapa, maana bima nyingi za wageni hazivigusi.

Posho haimsubiri mtu uwanja wa ndege. Mwenye nyumba wa mtaani hutaka kodi ya mwezi wa kwanza na dhamana, ambayo mara nyingi ni sawa na kodi ya mwezi mwingine, kwa hiyo aulize mapema kama chuo kinatoa chumba. Koti zito linapatikana kwa bei ya chini kwenye maduka ya nguo zilizotumika, huko mitumba inakotoka. Apeleke sweta tu. Giza la Desemba halina koti: Madison, Wisconsin, jua huzama kabla ya saa kumi na nusu jioni, na anayetoka darasani kwenda kulala tu huanza kulemewa na huzuni.

Ombi langu kwa vyuo na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ni dogo. Wageni wanafundishwa Kiswahili Zanzibar, Arusha na Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka mzima. Kila aliyechaguliwa akae nyuma ya madarasa hayo kwa wiki mbili, kisha afundishe vipindi vitatu vya dakika 50 mbele ya wageni halisi, bila kutumia Kiingereza, na wageni hao ndio wamkosoe.

Mwalimu wa Kiswahili kwa wageni,
Zanzibar