Barua ya wazi kwa madiwani vijana: hesabuni kwanza, hotuba baadaye

Waheshimiwa, wanangu,

Marahaba kwa shikamoo zenu. Sasa tuambizane ukweli.

Kila msimu wa bajeti mabaraza yetu hurudia sentensi ileile: "Vijana ni nguvu kazi ya taifa." Makofi yanapigwa, kikao kinahamia kwenye barabara. Hakuna anayeuliza ni vijana wangapi, wa umri gani, wa kata ipi. Linaniudhi mno, kwa sababu majibu yapo kabatini kwa afisa mipango.

Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Mwaka 2012 tulikuwa 44,928,923. Kasi hiyo ni asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kanuni ya haraka ya kugawanya 70 kwa asilimia ya ukuaji, 70 kwa 3.2, utaona kwamba idadi ya watu inaongezeka maradufu kwa miaka 22 hivi. Lakini bado mipango inaandikwa kwa idadi ya 2022, kana kwamba watu waliacha kuzaa siku makarani waliporudisha vishikwambi! Halmashauri iliyokuwa na watu 240,000, ikikua kwa kasi hiyo, mwaka 2026 ina kama 272,000. Hao 32,000 hawana dawati wala dawa, maana hawamo kwenye makisio. Wala msinakili kasi ya taifa kwa uvivu. Dar es Salaam, tunayodhani inafurika kuliko kote, ilikua kwa asilimia 2.1 tu. Tafuteni ya wilaya yenu.

Sasa mikopo, ambayo kwenu imekuwa ndiyo sera nzima ya vijana. Halmashauri hutenga kwa mikopo hiyo asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 2, fungu la vijana ni milioni 80. Katika watu 240,000, vijana wa miaka 15 hadi 35 ni kama theluthi, yaani 80,000. Gawanyeni: shilingi 1,000 kwa kila kijana. Mkitoa milioni 10 kwa kikundi cha watu 10, mmegusa vijana 80. Themanini! Halafu mnapanda jukwaani kusema mmewawezesha vijana wa wilaya.

Hata hizo milioni 10 mnazipoteza kwa njia inayojulikana. Mtu mmoja mwenye pikipiki akilini mwake anakusanya majina ya binamu na majirani, katiba ya kikundi inanakiliwa, diwani anapiga simu, fedha zinatoka. Marejesho ya kwanza yakifika, "wanachama" hawajui hata akaunti iko benki gani. Mkopo hauna riba ya kufidia hasara, kwa hiyo kila anachodhulumu mmoja kinatoka mfukoni mwa kikundi kinachosubiri. Mikopo hii ilisitishwa 2023, ikarudi 2024. Mchezo ule ule ukirudi nayo, mtamlaumu nani? Kabla ya kuidhinisha, waiteni wanachama wote, mmoja mmoja, kila mtu aeleze bei ya kununulia, bei ya kuuzia na mteja ni nani. Wanaokariri mtawajua.

Na kata yako, mwanangu, usisubiri sensa ijayo. Daftari la chanjo la zahanati linatosha. Watoto 360 wakichanjwa mwaka huu na wakabaki hapo, baada ya miaka 6 watahitaji vyumba 8 vya darasa la kwanza kwa watoto 45 kila chumba. Maji, makaburi, viwanja: hesabu ni hiyo hiyo.

Wazazi nao wana lao. Tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Wangapi wamerudi kwenye kata yako? Mara nyingi kizuizi ni baba anayeona aibu kuliko anavyoona mustakabali wa mtoto wake, na jamii inamshangilia.

Mwisho, lililo mlangoni. Elimu bila ada ilipoanza 2016, watoto waliingia darasa la kwanza kwa mafuriko. Wale waliosonga bila kukwama wanafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka huu wa 2026. Pateni idadi yao kwa wakuu wa shule za kata, ongezeni walioacha njiani, kisha punguzeni humo idadi ya nafasi za kidato cha tano na za vyuo vya ufundi vilivyo karibu. Tofauti itakayobaki iwekeni kwenye ajenda ya kikao kijacho, ajenda namba moja, kabla ya barabara.