Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Biashara ya Jioni na Utaratibu wa Dharura

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitakaa kwenye utaratibu wa dharura, yaani tufanyeje sisi wauza vyakula vya jioni Mombasa tukizuiwa kuuza usiku, maana ndio ulioleta ubishi mwaka huu.

Wako wanaouliza mbona tungali twazungumzia kafyu ya Korona iliyoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Jawabu ni kwamba michango ya wakati ule iligawanywa sawasawa, na hasara haikuwa sawasawa. Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, mwisho wa kuwa nje ulikuwa saa moja jioni. Jua la Mombasa huzama saa kumi na mbili na kitu, na mteja wa kula akipiga gumzo hutoka baada ya magharibi. Wa kurudi Likoni ilimbidi afunge mapema zaidi kwa ajili ya foleni ya feri.

Ramadhani ya mwaka ule ilionyesha tofauti waziwazi. Wa kaimati na sambusa waliuza tangu alasiri, kisha wakawahi nyumbani. Wa mishkaki na kahawa hungoja watu watoke tarawehe, na misikiti ilikuwa imefungwa. Tarehe 6 Mei kuingia na kutoka Mji wa Kale kukapigwa marufuku, hapo hata wa futari akakwama. Mwenye kahawa ndiye aliyeumia kuliko wote: buni yake haikuharibika, lakini nani atanunua finjani moja akanywe peke yake nyumbani? Watu hulipia baraza.

Kwa wengine hasara ilianzia jikoni. Nyama iliyotiwa papai haingoji kesho. Hulainika mno ikachomoka kijitini. Rojo la viazi karai likilala huchacha, na ukilikaanga hunyonya mafuta na kubanduka. Tui ni la saa chache tu.

Basi likitangazwa zuio la saa, siku hiyo hiyo tayarisha nusu ya kawaida. Viazi vichemshwe na maganda, vimenywe kadiri vinavyotakiwa. Rojo likorogwe kwa unga kilo moja moja, si ndoo nzima. Papai litiwe muda wa saa mbili kabla ya kuwasha jiko, si tangu asubuhi. Wa kahawa wawe na ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia. Beseni moja la maji yale yale kwa finjani zote halikubaliki hata bila ugonjwa.

Kuhusu akiba, kamati yapendekeza shilingi 50 kwa wiki kwa kila mwanachama. Zuio likija, wa usiku walipwe kwanza, wa alasiri wafuate baada ya wiki mbili. Najua wa alasiri hawajaridhika. Kwa maoni yangu, kumpa anayeuza sawa na asiyeuza ni usawa wa mdomoni tu.

Kura itapigwa leo baada ya hesabu kusomwa. Mwenye pendekezo jingine la kiwango na amkabidhi katibu kwa maandishi kabla ya hapo.